Wimbo wa Maksai wa Baba

Sijitetei. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, akili zangu timamu, na hakuna aliyenilazimisha.

Jina langu ni Akiru. Kampala waliniita Malkia Akiru, na kwenye mabango walinichora mweupe kuliko nilivyo. Nilianzia kwaya ya misheni hapa Isiolo, nikaondoka mwaka wa hamsini na tisa kumfuata Mutembei, Mmeru mpiga saksafoni, aliyesema Uganda kuna jazi ya kweli na mishahara ya kweli. Kuhusu jazi hakudanganya. Kule nilijifunza kuimba nyuma kidogo ya ngoma, kulivuta neno mpaka wachezaji walingojee, na kuimba Kiingereza nisichokielewa kwa sura ya mtu anayekielewa mno. Nikavaa viatu vya kisigino. Nikapaka poda. Nikajiona mtu.

Lakini santuri iliyonipa jina haikuwa ya Kiingereza. Siku moja, nikipiga pasi gauni kabla ya mazoezi, nilikuwa naimbaimba wimbo wa baba bila kufikiri. Mutembei akainua kichwa.

"Hiyo ni gani? Hebu rudia."

Nikarudia.

Kwetu Waturkana mwanamume huwa na maksai mmoja anayempenda kuliko mifugo yote, na watu humwita yeye kwa jina la maksai huyo. Wa baba alikuwa mwekundu, Loreng, kwa hiyo baba aliitwa Apaloreng, yaani baba yake Loreng. Jina lake la kuzaliwa, Nanok, alibaki nalo karani wa kodi. Maksai naye ana wimbo wake. Mwenye maksai ameutunga, mwenyewe huuanzisha, mikono juu kama pembe, na wengine wote huitikia. Hata kama unaujua wote kwa moyo, kazi yako ni kuitikia. Hilo nililijua kabla sijaota meno ya pili.

"Watu wa mjini hawawezi kucheza na ng'ombe," Mutembei alisema. "Huyo Loreng awe mwanaume."

Nikamfanya mwanamume. Pembe zikawa mikono ya kunikumbatia, ngozi nyekundu ikawa shati lililoloa jasho, kengele ya shingoni ikawa saa ya dhahabu. Tulicheka sana tukiyapanga maneno hayo, na mimi ndiye niliyecheka zaidi. Huo ulikuwa mwaka wa sitini na nne. Kufikia Krismasi santuri ilikuwa inalia kila baa, Kampala hadi Nairobi.

Mwaka wa sitini na sita bendi ikaalikwa Isiolo kuwatumbuiza wanajeshi waliokuwa wakipigana na mashifta, waasi waliotaka kujitenga na Kenya. Kwa sababu ya kafyu, dansi ingeanza saa tisa alasiri na kuisha kabla jua halijatua. Nilifika siku moja mapema, nikakaguliwa mzigo kwenye vizuizi viwili, nikaenda kwetu, ng'ambo ya Bulla Pesa, na blanketi, sukari na tumbaku ya baba. Nilitaka anisifu. Mtu mzima na visigino vyake, lakini nilichokuwa nikikitaka ni hicho tu.

Mama alinizuia mlangoni. Akaniambia polepole kwamba Loreng alikufa. Mashifta walivamia boma kule Leparua mwaka uleule wa sitini na nne, wakaswaga ng'ombe wote. Loreng akakataa kuvuka mto mkavu, wakampiga risasi. Baba alinyoa kichwa, akakaa siku nne bila kula. Miezi michache baadaye, akipita mbele ya hoteli mjini, akasikia redio ikimwita Loreng mpenzi, na vijana ndani wakikata viuno.

"Tangu hiyo siku hapitangi huko," mama alisema. "Wakimwona wanamuuliza kama shati yake imekauka."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba. Nikamwamkia kwa Kiturkana. Alinijibu kwa Kiswahili, lugha aliyoiweka kwa ajili ya polisi na wauza sukari.

"Habari, mama. Umefika salama?"

"Apa, sikujua kwamba amekufa."

"Na kama ilikuwa hai?"

Nilitazama viatu vyangu.

"Blanketi peleka kwa mama yako," alisema. "Kesho unaimbia askari. Sawa, ni kazi. Lakini hiyo wimbo moja usiimbe. Ile ingine yote imba."

"Sitauimba, Apa."

"Umeapa?"

"Nimeapa."

Akachukua tumbaku, akamega kidogo, akaitia mdomoni. Nami, mjinga, nikaona nimeshasamehewa.

Kesho yake uwanja wa kambi ulijaa askari. Nje ya seng'enge walisimama watu wa mji: wamama niliokuwa nao kwaya, wauza chai, watoto wengi. Nilianza na Kiingereza changu cha Kampala, nyimbo za taratibu zilizokuwa zikitoa watu machozi kule. Askari wakaendelea kuongea na chupa zao. Nikatia rumba. Wachache wakatingisha mguu. Mmoja akapiga miayo, nikamwona. Nje ya seng'enge mwenzangu wa kwaya alimnong'oneza jirani yake, wakacheka.

Ndipo mtu akapiga meza. "Loreng!" Wengine wakadakia. "Loreng! Loreng!" Ofisa wao akasimama kupiga makofi.

Nilitikisa kichwa nikitabasamu. Nilikuwa nimemweleza Mutembei habari zote, na hapa nimtendee haki, hakuugusa wimbo ule. Alishusha saksafoni, akaniangalia, akangoja. Angengoja hata saa nzima. Wapiga gitaa nao walitulia.

Ni mimi niliyeanza.

Uwanja mzima ukalipuka, na nisiseme uongo, nilisikia raha mwilini. Nikafika mahali pa kuitikia. Askari wakaitikia kama kwenye santuri, kwa miluzi na mabusu ya mdomoni. Halafu, kutoka nje ya seng'enge, nikasikia sauti moja ikiitikia kwa Kiturkana, mahali pake hasa, kwa mlio ule mzito wa ng'ombe anayerudi bomani.

Alikuwa baba. Kama alikuja kuhakikisha nimetimiza kiapo, au alikuja tu kumsikia bintiye, sijui, na sikuwahi kuthubutu kuuliza. Alisimama kati ya wauza chai. Mikono yake haikuwa juu kama pembe. Ilining'inia kando, kama ya mwitikiaji. Maksai akiimbwa bila kuitikiwa inavyopasa amedharauliwa, hata akiwa amekufa, na baba hangekubali Loreng adharauliwe. Kwa hiyo alimwitikia bintiye katika wimbo alioutunga mwenyewe. Waliokuwa karibu naye walimcheka. Aliendelea. Nilikuwa na beti mbili mbele yangu na ningeweza kunyamaza popote. Niliziimba zote, naye akaziitikia zote.

Makofi yalipokwisha nilikwenda kwenye seng'enge. Poda ilikuwa imechuruzika hadi shingoni.

"Apaloreng," nilimwita, kwa heshima yote niliyokuwa nimebaki nayo.

"Huyo si mimi," alisema, kwa Kiswahili bado. "Wimbo ni ya mwenye anaanzisha. Wewe umeanzisha, mimi nimeitikia. Ng'ombe ni yako."

"Apa, nakuomba."

"Mimi niite Nanok."

Mtoto hamwiti babake hivyo. Hata mama hakuwahi. Nilishika waya, nikalia, nikaomba tena. Hakukasirika. Alisimama palepale akinitazama, mpaka nikalitamka jina hilo. Akaitika kwa kichwa, akaenda zake nyumbani.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa Kampala. Waliutaka ule wimbo, nikauimba. Niliuimba vizuri.