Milango Iliyopigiwa Kura

Zabibu Uledi aliisoma barua ile mara mbili, kisha akaisoma tena kwa sauti, ili masikio yathibitishe kwamba macho hayajamdanganya. Kamati ya Gari la Akina Mama, Muleba, ilikuwa imekaa kikao halali, ikajadili, ikapiga kura, na kwa kura nyingi ikaamua kwamba milango ya Landrova isiachiwe nafasi yoyote pembeni. Chini palikuwa na muhuri. Watu wazima na akili zao walikuwa wamelipigia kura bati!

Gari lenyewe lililetwa kwenye gereji yake ya mtaa wa Bakoba, mjini Bukoba, likiwa mifupa mitupu na rundo la vipande vya bodi. Wanawake wa vijiji vya milimani ndio waliolihangaikia kwa miaka minne, ili mjamzito akishikwa na uchungu asibebwe tena kwa machela hadi barabarani. Zabibu alilikumbuka hilo kila aliposhika nyundo, na kwa kazi hii hakuwa tayari kulipua.

Alifanya kama alivyofundishwa na marehemu baba yake. Gari lisimame kwa matairi yake, mahali tambarare. Milango ipachikwe kwanza, bolti zikazwe kwa vidole tu. Madigadi zifuate, boneti mwisho. Halafu unasogeza hiki kidogo, unarudisha kile kidogo, mpaka punje ya kahawa ya kutafuna ipite kuzunguka mlango wote bila kukwama. Hapo ndipo unashika spana.

Mwenyekiti wa kamati, Mwalimu Byabato, alifika alasiri ile ile kuona kama amri imetekelezwa. Alikuwa mkuu wa shule mstaafu, na tangu astaafu alimfanya kila aliyekutana naye kuwa mwanafunzi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Barua umeipata?"

"Nimeipata. Lakini nafasi hii si uzembe, Mwalimu. Gari likipita pabaya linajipinda. Mlango ukikosa pa kuchezea utabana, na aliye ndani atabaki ndani. Ngoja nikuonyeshe."

Akaweka jeki chini ya kona moja ya fremu, akapandisha. Nafasi ya mlango ikapungua juu, ikatanuka chini, wazi kabisa, hata mtoto wa chekechea angeiona. Mwalimu Byabato alikuwa anaangalia saa.

"Vumbi la kwetu unalijua, waitu, litapenya hapo. Jumamosi mgeni rasmi anakuja na suti yake. Kamati imeshaamua."

"Hiyo kamati imewahi kufunga mlango wa gari?"

"Wewe ni fundi, binti Uledi. Wenye gari ni sisi."

Wenye gari! Zabibu alimfikiria Ma Anatolia, mkunga wa kule, aliyekuja Bukoba kila mwezi kulitazama hilo gari na kulipapasa kwa kiganja. Huyo hakuwahi kusema kwamba ni lake. Akakataa katakata kukaza hata bolti moja kwa namna waliyoitaka.

Kesho yake kulikuwa na maziko ya jirani huko Buhembe. Zabibu aliziweka spana chini akaenda, kama mtu yeyote mwenye utu. Aliporudi, uwanja ulikuwa mtupu. Majirani wakamwambia Mwalimu Byabato alikuja na kijana wa gereji nyingine, Kamala, wakalivuta gari likaenda kumaliziwa Muleba. Kwenda kuchukua kazi ya mtu aliye makaburini! Hata mwizi huwa na haya kidogo. Usiku ule hakula.

Jumamosi alipanda gari la asubuhi kwenda Muleba, spana zake ndani ya mkoba. Alikuta hema limesimamishwa, utepe umefungwa, na Landrova inang'aa rangi mpya. Milango haikuonyesha hata mstari. Kamala alikuwa ameisukuma kwa washa, vile visahani vya bolti, kwenye bawaba, akaziba kilichobaki kwa puti, kisha akapuliza rangi juu yake. Watu walipiga makofi, na Zabibu akatamani kulia.

Ma Anatolia na Joyness, mjamzito wa miezi minane, walipakiwa kiti cha nyuma kwa ajili ya picha. Dereva akalileta gari mbele ya hema, gurudumu moja likapanda ukingo wa mtaro, akasimama hapo hapo. Mwalimu Byabato akauvuta mlango huku akitabasamu. Akauvuta tena bila tabasamu. Akazunguka upande wa pili, nako vile vile. Ndani, Joyness akaanza kupiga kioo kwa viganja.

"Fundi wa Bukoba ametuangusha," Byabato akawatangazia watu. "Kazi hizi si za wanawake."

Zabibu aliupasua umati. "Rudi nyuma, tambarare, pole pole!" alimfokea dereva. Gari lilipokaa sawa aliuvuta mlango kwa nguvu zake zote, ukalia, puti ikapasuka ikamwagika vipande vipande, ukafunguka.

"Huu si mlango wangu," alisema. "Wangu mliuchukua nikiwa nazika. Nilikuonyesha kwa jeki, Mwalimu, ukaangalia saa! Leo ilikuwa picha tu. Je, ingekuwa kule mlimani, mvua inanyesha, mtoto anatoka?"

Byabato akakohoa. "Kamati itakaa kulijadili. Kwa sasa tuendelee na ratiba, mgeni rasmi anasubiri."

Ma Anatolia alishuka taratibu. Akamshika Joyness mkono, akampeleka mpaka kwenye kiti kikubwa cha mgeni rasmi, akamkalisha hapo na kumpa maji. Kisha akarudi.

"Kaeni, Ta Byabato. Jadilini mpaka mchoke. Nusu ya watu walio hapa wamezaliwa mikononi mwangu, na hakuna siku mliyoniuliza mlango unafunguliwaje mtu akiwa na uchungu. Zabibu mwanangu, ng'oa hiyo milango, tukaifunge upya kwako."

Zabibu akatoa spana. Wanawake wakaja bila kuitwa, wawili wawili, wakaipokea milango mmoja baada ya mwingine, wakaifunga kwa kamba juu ya paa. Mgeni rasmi alisimama kando ya utepe na mkasi mkononi, asijue akate nini. Ma Anatolia akaketi mbele, Zabibu nyuma.

"Dereva, zima gari!" Byabato aliita. "Ni amri ya kamati!"

Dereva akamtazama mwenyekiti, akamtazama mkunga, akashika njia ya Bukoba.