Barafu kwenye Goti Zima

Mwaka uliotangulia, ukuta wetu ulibomoka kabla majani ya vuli hayajaanguka. Nikisema ukuta nina maana ya sisi watu watano wanene wa mbele, ambao katika mpira wa Marekani kazi yetu si kuushika mpira bali kusimama kati ya mrushaji wetu na watu wanaotaka kumvunja mbavu. Mmoja aliumia bega, mwingine mgongo, mwingine nyama ya paja. Mwisho wa msimu tulicheza na bwana mmoja aliyeletwa Jumanne, ambaye Jumapili, katikati ya mchezo, alimgeukia mrushaji akamwuliza kwa adabu jina lake nani.

Kocha wetu wa ukuta, Walt Pruszynski, hakulisahau swali hilo. Alikaa nalo majira yote ya baridi kama mtu aliyetukaniwa mama. Agosti, tuliporudi kambini Toledo, Ohio, alikuwa mtu wa neno moja tu: akiba. Aliliandika ubaoni, akalirudia kwenye foleni ya chakula huku akijirundikia mayai sahanini. Anayengoja, alisema, awe tayari kama anayecheza, tena ajue kazi ya watu wawili. "Akiba haiozi," alituambia kila asubuhi, nasi, ambao wengi wetu ndio tuliokuwa akiba yenyewe, tuliitikia amina.

Mimi ni Gil Overmyer. Nilikuwa nimevuka miaka thelathini, jambo ambalo katika kazi yetu ni uzee, kwa hiyo vijana waliniita Babu. Chumba nililala na Cornell Batiste, mtu wa Louisiana, mpole, mwenye mabega ya kuzibia mlango. Timu tatu zilikwisha kumwacha. Mkewe Renata alikuwa mjamzito, na alimwambia bila hasira kwamba hii ndiyo mara ya mwisho: akiachwa tena watarudi kwao Houma, akamwage zege na baba mkwe. Cornell alikubali. Zege ni kazi halali. Lakini alipenda kuzuia watu kama wengine wanavyopenda kuimba, na alijua kwamba zege halimsukumi mtu.

Kila asubuhi alipiga magoti kando ya kitanda. Hakuomba apate nafasi. Aliomba Duke Halvorsen, mtu wetu wa kati, na wengine wote waliokuwa mbele yake, wasiumie. Nilimwambia kwamba kwa mtu wa akiba, dua hiyo ni sawa na mchimba kaburi kuuombea mji afya.

"Babu," akasema, "Mungu akitaka kunipa kazi, hana haja ya kumvunja Duke mguu."

Dua zangu mimi za miaka ya nyuma hazikuwa safi hivyo.

Shida ilikuwa hesabu. Bosi wa timu, Bwana Lathrop, aliruhusu ukuta uwe na watu wanane tu. Kwa kazi yake Cornell angekuwa wa nane. Lakini ndani ya wale wanane alikuwemo Brantley Voss, kijana ambaye bosi alimchagua mwenyewe mbele ya kamera, na ambaye alihema akifunga viatu. Kumwacha Brantley kungekuwa kumwambia bosi kwamba macho yake ni mabovu. Basi Cornell akawa wa tisa.

Wa tisa ana njia moja. Timu ikimwacha mchezaji, hukaa sokoni siku moja, na timu nyingine yoyote inaweza kumchukua. Asipotakiwa na mtu, anaruhusiwa kurudi kwetu kwenye kikosi cha mazoezi, akala chakula chetu na kungoja zamu. Kwa hiyo kila kocha ana mtu wake anayemficha. Mazoezi hayaonekani na wageni, lakini michezo ya majaribio ya Agosti hupigwa picha, na kila timu hupata mkanda. Kizuri chajiuza, na Kocha Pruszynski hakutaka kiuzwe.

Hivyo katika mazoezi Cornell aliwabeba watu kama magunia, na siku za mchezo alikaa benchi amevaa kofia, mfuko wa barafu umefungwa kwenye goti lake la kulia, goti zima kuliko magoti yote ya Ohio. Mama mmoja jukwaani alimwita mwanangu, akamwahidi kwamba atamwombea. Cornell alirudi chumbani amenyong'onyea.

"Babu, yule mama anaombea goti ambalo haliumwi. Sasa hayo maombi yanakwenda wapi?"

Nilimwambia huenda yanamfikia mtu wa karibu. Goti langu, kusema kweli, lilikuwa limepata nafuu wiki ile.

Ukakaribia mchezo wa mwisho wa majaribio. Watu wa kwanza hupumzishwa siku hiyo, na wa akiba walikuwa wamepungua kwa majeraha, hata ikabidi Cornell acheze. Kocha alimwita kando, nami nikiwepo, akamwambia kwamba goti limepona, asante Mungu, lakini asicheze sana. Ateleze kidogo. Mtu akitaka kumpita, ampishe.

"Kocha, hilo siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kudanganya. Barafu uliniambia nikae nayo, nikakaa. Lakini mtu akisimama mbele yangu nitamzuia. Sijui namna nyingine."

Kocha alijikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya; alikwenda kanisani, na kumwamuru mtu atende dhambi wiki ya kusali kwa ajili ya msimu kulimsumbua. Mwisho akamwuliza kama amewahi kucheza kati. Cornell akasema kamwe. Mtu wa kati ndiye huurudisha mpira kwa mrushaji katikati ya miguu yake mwenyewe, kisha papo hapo huinuka na kuzuia. Asiyezoea hufanana na mtu anayetupa kuku nje ya nyumba.

"Basi utacheza kati," Kocha akasema, uso umemng'aa. "Jitahidi kwa moyo wako wote. Hapo hakuna uongo wowote, sivyo?"

"Hapana, Kocha. Hapo hakuna."

Wakaachana wameridhika wote wawili. Mmoja alikuwa amepata mchezaji atakayecheza vibaya kwa uaminifu, na mwingine alikuwa ameambiwa ajitahidi kwa moyo wake wote.

Mchana huohuo Cornell alinivuta nyuma ya jengo la kufulia ili nimdakie mipira. Wa kwanza uligonga ukuta wa matofali, ukagonga pipa, ukanigonga mimi kwenye muundi. Duke akapita, akaonyesha jambo moja, akaenda zake. Kisha akatokea Kocha Pruszynski na kikombe cha kahawa. Angepita tu, mambo yote yangekwenda alivyopanga. Nilimwona akipita. Nilimwona akipunguza mwendo. Halafu akageuka, akaweka kahawa chini kwenye saruji.

"Huo mkono wa nani huo?" akauliza. "Gumba juu ya mshono. Hapo. Kiuno chini. Na usimtazame Babu, Babu hawezi kukimbia."

Mpira uliofuata ulinifikia kifuani kama ulikuwa unajua kwangu. Kocha akatabasamu, kisha nadhani alikumbuka, maana tabasamu lilifia njiani. Akaokota kahawa yake, akaondoka haraka. Kesho yake alitokea tena mahali palepale. Nilipomwuliza anatafuta nini nyuma ya kufulia, akasema anatafuta gari lake. Akakaa nasi hadi chakula cha jioni.

Ijumaa ya mchezo, Brantley alicheza kati mpaka mapumziko, na baada ya hapo akaingia Cornell. Mpira wake wa kwanza ulipaa juu ya kichwa cha mrushaji ukabingirika kuelekea jukwaani. Kocha, pembeni yangu, alifumba macho kwa amani, kama mtu aliyepokea habari njema kutoka hospitali. Wa pili uliburuza nyasi. Kocha akapumua vizuri. Nilidhani tumefanikiwa.

Lakini Cornell alipotoka kuja benchi kunywa maji, mkono wake ulikuwa bado umeshika hewa, gumba limekaa vibaya, na Kocha akauona. Alistahimili kwa kitambo. Alitazama upande mwingine, akavuta kofia usoni. Kisha akaitupa ile kofia chini, akamshika Cornell kiganja mbele ya kamera zote.

"Gumba! Nilikwambia nini kuhusu gumba?"

"Juu ya mshono, Kocha."

"Sasa mbona liko Michigan?"

Cornell akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Na kweli alikuwa ameelewa. Tangu hapo mipira ilikwenda kama imefungwa kamba, na kila alipoachia mpira aliinuka akamzoa mtu wa mbele yake akamlaza chali. Kocha alikuwa akijipiga mapaja. Ikanibidi nimwinamie sikioni nimkumbushe kwamba tunaficha.

"Kimya, Babu," akasema. "Hebu tazama kiuno kile."

Siku ya kupunguza wachezaji, Cornell aliitwa ofisini kama ilivyopangwa. Kocha alimwambia asiwe na wasiwasi: ni siku moja tu, aende akaoshe gari, akirudi kitanda chake kipo. Cornell aliniuliza kama Renata akipiga simu amwambie ameachwa au hajaachwa. Kwa mtu asiyedanganya, lilikuwa swali gumu. Nilimshauri azime simu.

Kesho yake mchana tulikuwa tunakula alipoingia Bwana Lathrop mwenyewe, jambo la nadra, akasimama karibu na sahani ya Kocha. Timu ya Scranton ilikuwa imemchukua Cornell.

"Scranton?" Kocha akasema. "Walimwona wapi?"

Bosi akaeleza kwamba walimwona kwenye mkanda wa Ijumaa. Mipira miwili ya kwanza hawakuijali, maana kila mtu huanza vibaya. Walichopenda ni kwamba aliambiwa mara moja tu, akajirekebisha. Walikuwa wakitafuta mtu wa kati anayefundishika. Wakamsifu sana na aliyemfundisha.

Kocha Pruszynski aliuangalia uji wake wa viazi mpaka ukapoa.

Cornell alikuja kuchukua mfuko wake. Renata alikuwa anamngoja nje garini, amejaza kiti cha mbele kwa tumbo lake na kiti cha nyuma kwa mito. Cornell mwenyewe alikuwa na furaha na haya kwa pamoja, kama mtu aliyepewa zawadi ya jirani kwa makosa. Akapiga magoti kando ya kitanda kwa mara ya mwisho, nami nikapiga magoti kando yake. Tukamwomba Mungu amlinde Duke.

Ratiba ya ligi haina huruma. Mchezo wetu wa kwanza wa msimu ulikuwa Scranton. Kabla ya kuanza, Cornell alivuka uwanja kuja kutusalimu, na Kocha akamwuliza, kwa kukosa la kusema, goti linaendeleaje.

"Halijawahi kuuma, Kocha."

"Najua," Kocha akajibu. "Ndilo lililoniponza."

Cornell alicheza kati tangu mwanzo upande wao, na alicheza vizuri. Mungu naye alimlinda Duke mpaka baada ya mapumziko, hapo kifundo kikageuka. Akaingia Brantley. Jua lilikuwa kali. Alirudisha mipira mitatu safi, kisha akapiga magoti akatapika, na madaktari wakamtoa. Kocha akatembeza macho kwenye benchi, akiba yake yote, huyu wa kulia tu, huyu wa pembeni tu, hadi akanifikia mimi mwishoni.

"Babu. Wewe umedaka mipira yote ya Cornell. Umeiona inavyotoka."

"Nimeiona ikija, Kocha. Sijaiona ikitoka."

"Ingia."

Mpira wangu wa kwanza ulipaa juu ya mrushaji, na watu wa Scranton wakacheka uwanja mzima, kicheko cha furaha kabisa, ambacho mtu hasahau. Niliporudi kuinama, niliomba dua fupi kuliko zote nilizowahi kuomba, nikainua macho. Ng'ambo, mbele ya benchi lao, Cornell, ambaye hupumzika mpira ukiwa kwetu, alikuwa amesimama ameshika kofia yake ngumu ya kuchezea. Alinitazama. Akaweka gumba juu ya ile kofia, polepole, kama anayemwonyesha mtoto, kisha akashusha kiganja: kiuno chini. Kocha wake alimshika jezi kwa nyuma, akamvuta. Nikasogeza gumba langu.

Mpira ulikwenda sawa. Na uliofuata, na yote mpaka mwisho. Tulishindwa, lakini hakuna aliyemwuliza mrushaji jina lake.

Baadaye nilimkuta Cornell kwenye korido ya vyumba vya kuvalia. Nikamwuliza kama amejiletea matatizo. Sikutaka nafasi yake ipotee kwa sababu yangu.

"Waliniuliza kama nilikuwa nakuelekeza," akasema. "Nikasema ndiyo."

"Wakasemaje?"

"Kati ni yangu mwaka mzima, nimeambiwa. Ila wapinzani wanapokuwa na mpira, nikae benchi na mfuko wa barafu." Akanionyesha mikono miwili. "Huku. Ili nisiwafundishe watu."

Kocha Pruszynski alikuwa amesimama nyuma yangu, nasi hatukujua. Nilitarajia atacheka au atalaani. Alikuwa anautazama mkono wa kulia wa Cornell.

"Mwishoni mwa mchezo gumba linateleza," akasema. "Ukichoka. Mtakuja kuadhirika Novemba."

"Nimeliona, Kocha. Sijui kwa nini."

Kocha alitazama huku na huku kwenye korido. Kisha akachukua mpira kutoka kwenye toroli la vifaa, akamkabidhi Cornell, na akaniashiria mimi kwa kichwa. Nikarudi nyuma mpaka mlangoni, nikanyoosha mikono.