Mguu Ulijivuta

Wateja walimwita Kocha, ingawa timu yake nzima ilikuwa ya mbwa wanaochechemea. Kazi yake ilikuwa kuwaimarisha misuli kabla ya kupasuliwa, kisha kuwafundisha kutembea upya, katika chumba chenye mkeka wa mpira na tangi la maji ya vuguvugu. Alikuwa msemaji, Kocha. Maelekezo aliyamwaga kwa kasi ya mnadi, na mwenye kusikia na asikie.

Asubuhi hiyo aliingia Dereva, mzee aliyestaafu kuendesha basi, akihema, Bawabu kifuani. Bawabu alikuwa mbwa wa kahawia, mrefu wa mgongo na mfupi wa miguu, aliyepata jina hilo kwa sababu hakuna mgeni aliyewahi kuingia kwao bila kukaguliwa. Miezi miwili nyuma alikuja akiyumba, Kocha akampangia wiki mbili za mazoezi kabla ya upasuaji. Mgongo haukusubiri. Siku ya kumi miguu ya nyuma ililala kabisa, akapasuliwa kwa dharura. Daktari aliyempasua hakupaka maneno mafuta: hisia zikirudi miguuni ndani ya wiki sita, waendelee, zisiporudi, wasimtese, apigwe sindano ya mwisho. Kigari cha magurudumu hakikufaa, maana Dereva na mkewe waliishi ghorofa ya nne isiyo na lifti, na vidonda vya kujiburuta vilikuwa havifungi.

Leo wiki sita zilikuwa zimetimia, na Dereva alikuwa anatabasamu mpaka jino la mwisho.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu. Hebu tazama hii!" Akakunjua kalenda ya ukutani, aliyoing'oa na msumari wake. Kila siku ilikuwa na alama ya vema. "Kila asubuhi nimemfinya kidole kama ulivyonionyesha, na kila asubuhi mguu umejivuta. Mama huko nyumbani keshafua tandiko lake."

"Mfinye nione," Kocha alisema.

Dereva akafinya, uso ameugeuzia dirishani. Mguu ukajivuta. Bawabu aliendelea kulamba mkeka, hana habari.

Kocha aliutazama uso wa Bawabu, si mguu. Mguu unaweza kujivuta wenyewe, kwa amri ya uti wa mgongo tu, bila habari kufika kichwani. Mbwa anayehisi hugeuka, hulia, hata kung'ata. Kipimo ni uso. Hayo aliyajua tangu chuoni. Lakini siku ile ya kumfundisha mzee, simu ilikuwa inaita na mbwa mwingine anangoja kwenye tangi. Akasema, "Finya hapa, angalia mguu," akakimbia. Kisha Bawabu akalazwa nyumbani apumzike, na kila wiki Dereva alipiga simu kusema, "Anavuta," naye Kocha, bila kuuliza swali, akajibu, "Safi sana, Baba!" Haraka haraka haina baraka, wahenga walisema, wala hawakuwahi hata kuwa na simu.

Alichukua koleo, akabana kidole mwenyewe, kwa nguvu. Akabana cha pili. Akahamia mguu wa pili. Bawabu alilamba mkeka.

"Baba, kaa kidogo."

Alimweleza yote, safari hii polepole, na kosa lake hakulificha. Mzee alisikiliza huku akiikunja kalenda, ikawa ndogo kama leso.

"Kwa hiyo hakuhisi hata siku moja?"

"Hata moja. Nilipaswa kukwambia umtazame usoni. Nisamehe, Baba."

"Hata ungeniambia." Dereva alitikisa kichwa. "Nisingeweza kumtazama. Niliona haya. Kila asubuhi nilimwomba radhi kwanza, ndipo nikafinya. Na Mama alikuwa anahamia jikoni anafungua bomba, asije akamsikia akilia." Akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe hakuumia."

Aliinama akamshika Bawabu kichwa kwa mikono miwili, wakatazamana. Mbwa akamlamba pua. Kocha alilia waziwazi, na hakujali nani anamwona.

Dereva alitoa simu, akampigia mkewe.

"Mama," alisema. "Siku zote zile hakuumia. Unasikia? Nilipokuwa namfinya, hakuumia kabisa."

Sauti ya mke ilisikika chumba kizima, imejaa furaha. "Mungu mkubwa! Nilijua tu anapona. Sasa mnarudi saa ngapi? Tandiko limeshakauka."

Dereva akamnyooshea Kocha simu.

"Mwambie wewe, mwanangu," alisema. "Polepole."