Zamu ya Kuachia Pumzi

Kila Jumatatu asubuhi, muuguzi wa chumba cha MRI alianza kazi kwa kuwavua watoto vyuma: vipuli, vibanio vya nywele, mikanda, sarafu iliyosahaulika mfukoni. Mashine ile ni sumaku tupu, haina utani na chuma. Kisha aliwalaza, akawafunika blanketi, na kuwaeleza kwamba sauti itakayosema nao mle ndani ni yake mwenyewe, kwa hiyo wasiogope.

Kweli ilikuwa yake. Sauti iliyokuja na mashine ilikuwa kavu kama ya mtu anayetangaza msiba, na watoto waliangua kilio. Moyo wa mtoto anayelia haupigiki picha. Ndipo fundi wa mashine akamrekodi muuguzi: "Vuta pumzi. Bana. Haya, achia." Siku hiyo alikuwa amempakata kitinda mimba wake, msichana mwenye midomo ya buluu, aliyezaliwa na tundu moyoni na mishipa iliyokosea njia. Nyumbani waliugeuza mchezo. Mama akisema bana, mtoto anavimbisha mashavu. Mama anachelewesha achia makusudi, mtoto anampiga vingumi vya mapaja, wanacheka mpaka machozi.

Daktari wa upasuaji alikuwa tayari. Alichotaka ni picha tu, aone mishipa imeunganaje kabla hajashika kisu. Lakini kila zamu ya mtoto ilipofika, aliingizwa mtu wa mkurugenzi wa hospitali: rafiki yake, jirani yake, mshenga wake wa zamani.

"Mtoto anaweza kusubiri, mama," mkurugenzi alimwambia muuguzi, akimpapasa begani. "Wiki ijayo tu."

Jumatatu ya mwisho aliingizwa shemeji wa mkurugenzi, ambaye tumbo lilimsokota baada ya kula kupita kiasi. Shemeji alikuwa mwoga, akataka ashikwe mkono, na muuguzi akaamriwa amshike. Mtoto akabaki kwenye benchi la korido na soksi zake za hospitali, akiisikiliza sauti ya mama yake ikipenya ukutani. Iliposema bana, shemeji akabana, na mtoto akabana. Iliposema achia, shemeji peke yake ndiye aliyeachia.

Muuguzi alimzika mwanawe, akarudi kazini na kinyongo ambacho hakujisumbua kukificha. Tangu hapo sauti yake ikaacha kusema achia kwa walioruka foleni.

Wa kwanza alikuwa mkurugenzi mwenyewe. Hakuumwa, alitaka tu kuliangalia ini lake. Sauti ilimwambia avute, akavuta. Ikamwambia abane, akabana. Kisha ikanyamaza. Mashine ilimaliza, akateremka, akavaa viatu, akatoka hai na mzima, mashavu yamevimba, pumzi imo ndani. Fundi aliikagua rekodi, akaikuta kamili. Mtoto aliyefuata aliambiwa achia kama kawaida.

"Dada, sauti yako imenuna," fundi alisema.

"Ina haki," muuguzi akajibu, na kubadilisha shuka.

Kesho yake mke wa mkurugenzi alimleta mumewe, amemshika kiwiko.

"Dada yangu, nakuomba. Neno moja tu. Mwambie aachie. Hata kula hawezi."

Muuguzi alimtazama mkurugenzi machoni. Neno lilikuwa mdomoni mwake, jepesi kabisa. Akalimeza. Kisha akampapasa mkurugenzi begani.

"Anaweza kusubiri, mama. Wiki ijayo tu."

Walipoondoka alijifungia chooni akacheka, kicheko kibaya, na hakukijutia.

Wiki ijayo ikafika, ikapita. Mkurugenzi akazoea. Vikao vikawa vifupi, na wafanyakazi wakamsifu kwamba siku hizi anajua kusikiliza. Rafiki zake wakaendelea kuingia na kutoka wamevimba mashavu, kwa hiari yao. Mjini watu walipomwona mtu mwenye mashavu yale walimpisha njia, kwa kuwa walijua ni mtu wa kuheshimiwa, mtu asiyepanga foleni. Wengine wasio na ugonjwa wowote waliomba wapimwe ili nao wavimbe.

Jumatatu moja muuguzi alikuwa amekwisha kumlaza binti wa fundi viatu, kucha zake za buluu juu ya blanketi. Mlango ukafunguka. Mkurugenzi, mashavu yamejaa, akamwelekeza mgeni wake kitandani kwa kidole. Hakuhitaji kusema.

Fundi wa mashine akamteremsha mtoto. Safari hii muuguzi alikataa kumshika mgeni mkono. Akatoka na mtoto, wakakaa kwenye benchi lile lile.

Ukutani sauti yake ikaanza: "Vuta pumzi."

Muuguzi akamziba mtoto masikio kwa viganja vyote viwili, akainama mpaka paji la uso likagusana na lake.

"Wewe pumua, mwanangu," akasema. "Hayo hayakuhusu."