Magurudumu ya Kule

Watu wa dosie hawapandi migomba. Ukipita Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, ukaona kiwanja cha Mkongomani kina maharage matupu, na nyumba bado imefunikwa turubai wakati majirani wameshaezeka mabati, jua hapo pana faili la kwenda Amerika. Mgomba unataka mwaka na zaidi, na nani atakaa mwaka mzima? Appolinaire alikuwa amekaa kumi na mmoja kwa mtindo huo, akipanda maharage na kuvuna maharage, sanduku la safari likiwa chini ya kitanda limefungwa kamba.

Alikuwa seremala. Kwao Minova, kando ya ziwa Kivu, alichonga chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali ambazo vijana huteremka nazo milimani na magunia ya viazi. Mbao alizijua, na magurudumu aliyajua kuliko mbao. Kwa hiyo tuseme wazi tangu mwanzo: alichokifanya hakukifanya kwa ujinga.

Binti yake Perpétue alikuwa na miaka ishirini na sita, na miguu isiyomtii tangu risasi iliyompata wakikimbia, siku ile ile mama yake alipouawa. Hakupenda kubebwa. Mgeni mmoja wa kanisa alikuwa ameacha ubao mrefu wa kutelezea, wenye magurudumu manne, mchezo wa vijana wa Ulaya, na baba yake akaufunga mkanda uliokatwa kwenye mpira wa tairi. Perpétue aliketi juu yake miguu imekunjwa, akijisukuma kwa vibao viwili vya mkononi vilivyopigwa soli ya tairi. Kwa ubao huo alikwenda Rugaaga mara tatu kwa wiki, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, kushona kwa Kemigisha, fundi wa nguo pale sokoni. Cherehani za kukanyaga zilikuwa kila mahali. Ya kuzungusha kwa mkono alikuwa nayo Kemigisha peke yake.

Magurudumu ya ule ubao yalipokwisha, Appolinaire alichonga ya mti na kuyavika mpira, kama ya chukudu. Kufikia Novemba yalikuwa yamelika upande mmoja, ubao unachechemea kama mbuzi mwenye kidonda. Ikabidi yatafutwe ya dukani, Mbarara, na nauli ilitosha mtu mmoja. Perpétue akamkalisha baba yake chini na kumtuma kama anavyotumwa mtoto dukani. Njia ya Rugaaga alikuwa ameisoma kwa viganja, changarawe baada ya changarawe. Akamwambia achague makubwa, mapana, laini kiasi kwamba ukiyabana kwa ukucha alama inabaki, kwa sababu gurudumu laini hulipanda jiwe na gurudumu gumu hugombana nalo. Beringi ziwe na kifuniko, zisile vumbi. Na kwa kuwa gurudumu kubwa lingegusa ubao wakati wa kukata kona, akate kipande cha kandambili akiweke kati ya chuma na ubao kuuinua kidogo.

“Papa, usiangarie ile yenye kungaa,” alimaliza. “Uniletee ya hii njia yetu.”

Mbarara, karibu na kambi ya jeshi, mke wa askari mmoja aitwaye Provia alikuwa na kibanda cha vitu vilivyotoka kwenye marobota ya mitumba: viatu vya magurudumu, kofia ngumu, midoli isiyo na vichwa. Alikuwa na seti mbili. Moja ilikuwa ya magurudumu makubwa, ya rangi ya ugoro, na ya pili madogo, magumu, meupe yanayong'aa. Appolinaire akabana yale makubwa kwa ukucha, alama ikabaki. Akayaweka mkononi. Hapo ndipo simu ilipolia.

Alikuwa Pontien, kiongozi wa mtaa wao kambini. Majina yao yalikuwa yametoka kwenye ubao wa matangazo. Alhamisi waende médical, kupimwa afya, na kila mtu alijua kwamba baada ya médical ni ndege tu. Appolinaire akaketi juu ya kreti ya soda na kulia mbele ya watu, naye hakuona haya. Miaka kumi na mmoja si mchezo.

Alipofuta macho akayatazama magurudumu upya. Joël, mtoto wa dada yake aliyetangulia Amerika, alikuwa akituma picha za njia za watembea kwa miguu, laini kama meza. Ya nini sasa kununulia vumbi? Akayarudisha makubwa, akachukua meupe.

“Ssebo, hiyo ndogo ni ya lami,” Provia akamwambia. “Huko Nakivale mawe iko mingi. Itakwama. Chukua hii kubwa.”

“Sisi tunaenda, mama,” alijibu. “Tuko batu ba kuenda.”

Nyumbani Perpétue alilipokea gurudumu moja na kulibana kwa ukucha. Halikubaki na alama. Lakini baba alikuwa ameleta habari ya médical, na siku ya habari kama hiyo nani anaanzisha ugomvi? Alifurahi, akacheka, majirani wakaja. Baadaye tu akauliza wangefanyaje mpaka siku yenyewe. Baba akasema ni miezi mitatu, aende polepole.

Médical wakaenda, wakafaulu. Tarehe ya ndege wakapewa, ya Februari. Mwisho wa Januari likabandikwa tangazo jingine: safari zote zimesimamishwa hadi hapo watakapoarifiwa. Waliojifanya wanajua Kiingereza walilisoma mara tatu wakitafuta tarehe ndani yake, haikuwamo. Usiache mbachao kwa msala upitao, wahenga walisema, na msala wenyewe ulikuwa umeshapita.

Saa mbili za Rugaaga zikawa nne. Kila changarawe ililisimamisha gurudumu, na mtikisiko ulimpanda Perpétue mpaka kwenye meno. Alimwomba baba yake ayarudishe kwa Provia. Aliomba kwa upole, kisha kwa hasira, kisha akanyamaza. Appolinaire kila mara alikuwa na sababu: nauli, mvua, pengine wiki ijayo watafungua. Ukweli ni kwamba kuyarudisha kungekuwa kukubali kwamba safari imekufa, na hilo hakuliweza. Aliogopa matanga ya safari kuliko alivyoihurumia mikono ya mwanawe. Ni neno zito, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Machi mvua ikaosha udongo, mawe yakabaki uchi. Kwenye mteremko wa kuingia Rugaaga, gurudumu la mbele likapata jiwe lisilozidi kokwa la parachichi. Ubao ukasimama, Perpétue hakusimama. Aliangukia mkono wa kulia, uzito wake wote juu ya kiganja kilichopinda. Mifupa iliunga, vidole havikufunga tena. Mkono ule ndio uliokuwa ukizungusha cherehani, na bila mkono huo, ubao ungezunguka papo hapo tu.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa sote. Hakuna aliyetufundisha kwamba mkuu asiposikia la mtoto, anayevunjika ni mtoto.

Juni, baada ya mavuno, Appolinaire alipanda gari kwenda Mbarara. Magurudumu makubwa yalikuwa pale pale, yameshika vumbi, hakuna aliyeyataka. Provia alimkumbuka. Alipokea yale meupe, akaona mikwaruzo, akauliza binti anaendeleaje. Appolinaire akasema ni mzima.

Aliyafunga asubuhi, uani. Beringi zilikuwa na kifuniko. Kwa ajili ya kuinua ubao alikata kandambili yake mwenyewe, ya mguu wa kulia, akafunga skrubu moja moja bila kuharakisha. Kisha akatoboa tundu mbele ya ubao na kupitisha kamba, ile ile iliyokuwa imefunga sanduku chini ya kitanda. Perpétue alikuwa na safari ya Rugaaga. Mkasi wa Kemigisha na vitambaa vya wateja vilikuwa bado kwake, na mali ya watu hairudishwi kwa kutuma.

Wakaondoka, baba mbele na kamba begani, mguu mmoja peku, binti nyuma na furushi mapajani, mkono wa kulia umelala juu ya furushi. Ubao haukugonga, haukutetemeka. Magurudumu yaliyapanda mawe na kuyashuka kimya, hivi kwamba Appolinaire aligeuka mara mbili kuhakikisha bado anavuta mtu. Pale kwenye mteremko alipunguza mwendo.

“Inapita muzuri, Papa,” Perpétue akasema. “Mawe siisikii hata.”

Appolinaire akaihamishia kamba bega la pili.

“Njo hizi nilikutumaka,” binti akaongeza.

Baba aliendelea kuvuta akilia, bila kugeuka, mpaka wakaliona paa la Kemigisha.