Sentimita Kumi na Mbili za Mama Panzi

Usimwamini fundi cherehani anayekuambia hana wasiwasi. Baba Panzi alikuwa ameketi kando ya shimo la mchanga, mguu unamcheza kana kwamba uko kwenye cherehani, na bado anaapa ametulia.

Miaka ishirini na minane iliyopita, kwenye michezo ya wafanyakazi wa kiwanda cha nyuzi, mkewe aliruka mbali kwenye shimo hilohilo. Mwamuzi wa siku hiyo alikuwa amesahau futi ya chuma nyumbani. Nani alikuwepo na futi shingoni? Mchumba wake, fundi! Akaitandaza futi yake ya kitambaa mara moja, mara mbili, mpaka mara nne, akasoma mita tano na sentimita tisini na mbili. Namba ikaandikwa ukutani, na tangu hapo hakuna mwanamke aliyeifikia. Watu hawakukosa la kusema: bwana harusi kampimia bibi harusi kwa mahaba. Mama Panzi alicheka nao. Lakini kila mwaka siku ya michezo ilipofika, alikuwa na nguo za kufua.

Mwaka huu alikuja, kwa kuwa binti yao Panzi, naye sasa mfanyakazi wa kiwanda, alikuwa anaruka. Na mtoto wa nyoka ni nyoka: mruko wake wa tano ulifika mita tano na sentimita tisini na saba. Mama Panzi alipiga vigelegele mpaka kilemba kikamtoka.

"Hatimaye tumepata rekodi ya kweli!" alipaza sauti mtunza stoo, mtu asiye na breki mdomoni. "Ile ya shemeji ilikuwa ya futi ya mapenzi!"

Vigelegele vikakatika. Fundi aliona uso wa mkewe, na moyo ukamuuma. Akachomoa mfukoni futi yenyewe, aliyoirithi kwa mwalimu wake ikiwa kuukuu na kuihifadhi kwenye kopo tangu siku ile.

"Ilazeni hapa kando ya chuma! Ikitofautiana hata unywele mmoja, niiteni mwongo."

Wakailaza. Alama ya sentimita mia na hamsini ya kitambaa iliangukia mia na hamsini na tatu ya chuma.

"Si nilisema!" mtunza stoo akarukaruka. "Futi mbovu!"

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Enzi za kuitumia hakuwahi kushtuka, maana mwili na kitambaa alivipima kwa futi ileile, na nguo zikakaa sawa.

"Ngoja kwanza, baba," Panzi akasema. "Hii imevutika. Futi iliyovutika inasoma pungufu. Kwa hiyo mama aliruka zaidi!"

Mwamuzi akapiga hesabu kwa kijiti mchangani, akafuta, akapiga tena. Mita sita na sentimita nne.

Fundi alitambua kwamba amempokonya bintiye rekodi ya dakika tano. "Mwanangu, nisamehe. Tufanye kama hatukupima."

"Thubutu! Rekodi ya kupewa nitaipeleka wapi? Bado nina mruko mmoja."

Akatimua mbio, akaukanyaga ubao, akapaa. Mita sita na sentimita moja. Alibaki amelala mchangani, anacheka mpaka machozi. "Mama, hii yako haivunjiki! Hata wajukuu watahangaika nayo!"

Mtunza stoo aliondoka bila kuambiwa kwenda kutafuta rangi ya kuandika namba mpya ukutani. Fundi alimsogelea mkewe, kichwa chini.

"Mke wangu, nimekupunja sentimita kumi na mbili."

"Baba Panzi," mkewe alisema polepole, "hata mimi nilidhani ulinipendelea. Miaka yote sikukuuliza, niliogopa utakubali." Akajifuta macho, kisha kicheko kikampasuka. "Kumbe niliruka kweli!"

Akavua viatu, akakunja gauni, akatoka mbio kuelekea shimoni, na watu wakampisha.