Jina Sikulitaja

Mama Kinoti alikuwa na meno machache na maneno mengi. Pale St. James Town, mtaa wa maghorofa jijini Toronto, lifti ikiharibika, majirani wa ghorofa ya juu walimsikia anavyopanda ngazi kabla hawajaiona kofia yake ya sufi. Marehemu mumewe alizoea kusema kwamba siku mke wake atakaponyamaza, watu wasiite daktari, waite kasisi moja kwa moja.

Na mtu huyu ndiye ambaye Sabine alimchagua amsindikize kwa wakili.

Sabine alikuwa Mrundi, mpangaji wake wa chumba kidogo. Alifika Toronto na begi moja akiwa amemkimbia mumewe, mkubwa wa jeshi ambaye hakumposa wala hakumtolea mahari, alimchukua tu, kama mtu anayechukua mbuzi wa jirani. Sasa Sabine aliosha wazee kwenye nyumba ya kulea wazee, alisema kidogo, na alipika mandazi ya iliki. Walielewana na Mama Kinoti: mmoja anaongea, mwingine anapumzika.

Wakili wao, Gakii, alikuwa binti wa Kimeru mwenye miwani mikubwa kuliko uso, na kazi yake yote ilikuwa kesi za wakimbizi. Siku ya kwanza alimkazia macho bibi.

"Shosho, umekaa hapa kwa sababu Sabine ametaka. Ukitoka mlango huu, hukusikia kitu."

"Mimi, mwanangu? Mimi ni kaburi."

"Kaburi lenye spika," akasema Sabine taratibu, na wote watatu wakacheka.

Halafu Gakii akaacha kucheka. "Sabine, mimi nakuamini. Lakini hakimu wa baraza la wakimbizi atauliza: huyu mtu bado anakutafuta? Tangu utoroke, kimya. Hajampigia mama yako, hajatuma mtu. Atasema pengine ameoa mwingine, rudi kwenu. Tunachokosa ni ushahidi kwamba hajakuacha."

Sabine aliinamisha kichwa. Mama Kinoti alimshika mkono, na papo hapo moyoni akajua la kufanya. Ataomba. Kuomba kwenyewe si kubaya. Ubaya ni pale mtu anapoomba kwa kipaza sauti.

Kanisa lao lilikuwa Downsview, ukumbi wa kukodi katikati ya ghala la matairi na kiwanda cha makochi. Jumapili hiyo Sabine alikuwa kazini. Mchungaji Félicien alipouliza nani ana hitaji, Mama Kinoti alikuwa ameshafika mbele na kipaza sauti ameshakikamata.

"Wapendwa, Bwana asifiwe! Kuna dada yetu hapa, jina sitalitaja. Ni yule Mrundi wetu mpole, wa mandazi ya iliki. Ana kesi ya ukimbizi mwezi ujao. Mumewe ni afande, mtu wa bunduki, alikuwa akimchapa kwa mkanda wa kazi. Na wakili wake, naye jina sitalitaja, ni binti yetu wa Meru mwenye miwani, anasema hatuna ushahidi kwamba yule shetani bado anamtafuta. Sasa wapendwa, tusimame, tumwambie Mungu alete ushahidi!"

"Amina!" Ukumbi ukatikisika. Na pembeni, juu ya miguu yake mitatu, simu ya mchungaji ilikuwa inairusha ibada mtandaoni hadi Goma, hadi Bujumbura, hadi popote penye bando.

Mama Kinoti alirudi kuketi ameridhika, na tusidanganyane, hakuwa ameridhika na Mungu peke yake. Mama mmoja alimnong'oneza, "Wewe kweli una karama," naye akajibu, "Ni neema tu," kwa sauti ya mtu anayeona neema haikukosea njia.

Mungu, au yule mwingine, hakuchelewa. Wiki haikwisha, Sabine akampata Mama Kinoti jikoni, simu mkononi, uso umekauka.

"Wameenda kwa mama."

Jirani wa kule Bujumbura alikuwa amepiga picha. Mlango umeng'olewa, umelala uani. Mama yake Sabine ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono umefungwa kwa kitenge na unaning'inia vibaya. Baadaye ikaja sauti ya afande mwenyewe, aliyoituma kwenye simu ya mama, bila haraka, kama mtu anayeagiza chai: mwambie binti yako najua yuko Kanada, najua anavyonichafua huko, na mimi si mtu wa kuachwa.

"Nani amesema, Mama Kinoti? Wanaojua mambo yangu ni wewe, wakili na Nicole. Wakili hawezi. Wewe ulisema ni kaburi." Sabine alifuta kioo cha simu kwa kidole kana kwamba picha ingefutika. "Ni Nicole. Ana binamu Bujumbura."

Nicole alikuwa rafiki yake wa kazini, Mkongo, anayesali kanisa jingine. Mama Kinoti alifungua mdomo.

"Pole, mwanangu," ndilo lililotoka.

Wa kanisani nao hawakumwambia Sabine kitu, maana kila mmoja alidhani Sabine mwenyewe ndiye aliyemtuma Mama Kinoti akaombe.

Nicole alipigiwa, akatukanwa, namba yake ikafungwa. Jumamosi akaja mlangoni na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao Kongo, macho yamevimba. "Mama, mwambie Sabine sikusema. Naapa kwa watoto wangu."

"Amelala, mwanangu," akasema Mama Kinoti. Sabine hakuwa amelala, hakuwa hata nyumbani. "Lete, nitampa."

Hakumpa. Aliila yote, akiwa amesimama, kwa mwiko. Sombe ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi.

Gakii aliwaita ofisini. Alikuwa ameshatafsirisha ile sauti ya afande na macho yake yaling'aa nyuma ya miwani. "Huu ndio ushahidi tuliokuwa tunautafuta. Lakini bado kuna shimo. Hakimu atauliza, alijuaje? Kimya muda wote, halafu ghafla karibu na kesi? Atadhani mmepanga na mama, mkamfunga kitenge. Lazima nionyeshe habari ilivujia wapi. Sabine, huyu Nicole atakubali kutoa ushahidi?"

"Anakataa kwamba ni yeye."

"Basi tuna shida. Tukishindwa kueleza, huu ushahidi unaweza kutugeukia."

Mama Kinoti akaomba kwenda chooni. Alikaa huko akisoma maelekezo ya kunawa mikono, kwa Kiingereza, lugha aliyoisoma hadi darasa la saba na kuiacha hapo hapo. Aliyasoma mpaka akayaelewa.

Kesho yake alirudi kwa Gakii peke yake. Hakuketi. Alimpa simu, ukurasa wa kanisa umefunguliwa, na Gakii akatazama ombi lote, hadi Amina.

"Jina sikulitaja," akasema Mama Kinoti.

"Hapana, Shosho. Ulitaja kila kitu kingine."

Gakii alivua miwani. Bila miwani alionekana mtoto. "Nikuambie kitu ambacho hakinipi sifa? Ile picha ya mama ilipofika, nilifurahi. Nilisema, tumeshinda. Nilifurahi kwanza, ndipo nikakumbuka kuuliza kama yule mama amepata hospitali."

Wakatazamana, wakili na bibi, kama wezi wawili waliokutana dirisha moja.

"Sasa tufanye nini?" akauliza Mama Kinoti.

"Utatoa ushahidi siku ya kesi, utueleze ulichofanya, tuonyeshe hii video. Itaziba lile shimo. Lakini Sabine asikie kwako kabla, leo. Sitakubali aisikie mbele ya hakimu."

"Haiwezekani uniandikie tu, niweke dole gumba?"

"Shosho."

"Nimeuliza tu."

Jioni ile Sabine alikuwa anafunga kamba za viatu vya kazi. Mama Kinoti alianza na mzaha wa lifti, Sabine akatabasamu. Akaleta mzaha wa pili, wa mzee anayemchumbia kanisani kwa ajili ya supu yake. Sabine akacheka kabisa, kicheko cha kwanza tangu ile simu, na Mama Kinoti akaona akingoja wa tatu hatasema milele.

"Si Nicole. Ni mimi. Nilisimama kanisani nikaomba uletewe ushahidi, nikaeleza yote, na kamera ilikuwa inarusha."

Sabine aliendelea kufunga kamba. Alifunga, akafungua, akafunga tena.

"Nicole alikuja?"

"Alikuja. Alileta sombe."

"Iko wapi?"

"Niliila."

Sabine alimtazama kwa muda mrefu, na Mama Kinoti akatamani kofi. Kofi lina mwisho. Sabine alichukua begi lake akaenda kazini, na asubuhi hakurudi. Alihamia kwa Nicole. Sufuria, Mama Kinoti aliipeleka mwenyewe, imesuguliwa mpaka inaona haya. Nicole aliipokea mlangoni bila kumkaribisha ndani.

Siku ya kesi walikaa ofisini kwa Gakii mbele ya kompyuta, maana siku hizi hata hakimu anakaa kwenye kioo. Mkalimani alikuwa Mtanzania mwenye Kiswahili cha kupigwa pasi. Mama Kinoti alieleza yote bila kupamba. Hakimu alitazama video, akaandika, akauliza swali moja tu.

"Mama, ulikuwa hujui kwamba ibada inarushwa?"

Gakii alimtazama. Kusema hakujua ingekuwa rahisi, na isingeharibu kesi.

"Nilijua. Ndiyo maana nilivaa kitambaa kipya cha kichwa."

Mkalimani alikohoa kidogo kabla ya kutafsiri.

Sabine akakubaliwa siku ile ile. Akamkumbatia Gakii, akalia, akampigia Nicole, wakalia tena. Mama Kinoti alisimama karibu na mlango, koti limefungwa vifungo vyote, asijue kama aondoke. Sabine akamjia na simu.

"Mama yangu anataka kuongea na wewe. Kwake bado wewe ni yule mama mwema aliyenipa chumba na kuniombea. Sijamwambia. Hiyo si kazi yangu."

Mama Kinoti akaipokea kwa mikono miwili.

"Mama Kinoti!" Sauti ilikuwa nyembamba, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. "Mungu akubariki, dada yangu. Maombi yako yamemwokoa mtoto wangu."

Kesi ilikuwa imekwisha. Hapakuwa tena na shimo la kuziba, wala hakimu, wala mtu wa kumshukuru kwa ukweli. Angesema tu Amina, na yule mama angekufa akimpenda.

"Usinishukuru bado, Mama Sabine. Mkono wako wauma?"

"Unauma usiku."

"Huo mkono niliuvunja mimi, kwa mdomo." Akamweleza yote: ukumbi, kipaza sauti, mandazi, hata kitambaa kipya.

Kule Bujumbura ukasikika mlio wa pikipiki ikipita.

"Nijibu kitu kimoja," akasema yule mama. "Uliposimama pale, ulikuwa unamwombea mtoto wangu, au ulikuwa unataka kusikika?"

"Vyote viwili. Lakini kusikika kulitangulia."

"Ehe. Sitakuambia nimekusamehe, nitakuwa naongopa. Kesho nafungwa plasta upya, na njia ya hospitali ni ndefu, na sina wa kuongea naye. Utanipigia."

"Nitakupigia. Nitakuambia nini?"

"Hutaniambia kitu. Utanisikiliza mimi."